Majirani Wasiougua

Katikati ya mwaka 2004, watu wa Makueni na Kitui, mashariki mwa Kenya, walipokuwa wakifa huku macho yao yamegeuka manjano, watafiti waliokuja kutafuta chanzo hawakuishia kwenye vitanda vya wagonjwa. Waliwachukua wagonjwa 40, kisha wakaingia vijijini kutafuta watu 80 ambao hawakuwa na dalili hata moja: majirani wa wagonjwa hao, waliolima msimu mmoja nao na kunyeshewa mvua ile ile. Wote 120 waliulizwa maswali yale yale. Mlivuna lini? Mlianika wapi? Mahindi mmeyaweka ndani ya nyumba au ghalani? Wote waliombwa damu, na mahindi ya nyumbani kwao yakachukuliwa kwenda kupimwa. Mgonjwa alikuwa na kila sababu ya kukubali, kwani alitaka kupona. Jirani yule mzima hakuwa na nafuu ya kungojea. Alinyoosha mkono kwa sindano na kumfungulia mgeni akiba yake ya chakula, katika mwaka ambao chakula kilikuwa cha kuhesabiwa. Naandika kumtetea mtu huyo. Nashikilia kwamba kukubali kushiriki katika utafiti wakati huumwi ni miongoni mwa kazi kubwa ambazo mwananchi wa kawaida anaweza kuifanyia jamii yake. Na kwa kuwa ni kazi, ina malipo yake ya haki, ambayo si pesa: ni kurudishiwa jibu.

Tulitazame swali lenyewe lilivyokuwa. Kila mgonjwa alikuwa amekula mahindi. Lakini Ukambani, eneo la wilaya hizo, ni nani asiyekula mahindi? Muthokoi ni mahindi, isyo ni mahindi na maharagwe, ugali ni mahindi, na uji wa mtoto ni mahindi. Ungewahoji wagonjwa elfu moja ungesikia neno mahindi mara elfu moja, na bado usingejua kwa nini huyu ameanguka na jirani yake anaendelea kupalilia. Tofauti huonekana pale tu nyumba ya mgonjwa inapowekwa kando ya nyumba ya mtu mzima na zote mbili zikaulizwa kwa kipimo kimoja. Ikaonekana. Kwenye nyumba za wagonjwa ilikuwa kawaida zaidi mahindi kuhifadhiwa yakiwa na unyevu, ndani ya nyumba ya kulala badala ya ghalani, na mahindi hayo yalikuwa na sumukuvu, yaani aflatoksini, kwa kiwango kilichopita mbali kile cha mahindi ya majirani. Damu nayo ilitoa ushahidi huo huo. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyeweza kulikisia kwa macho: virusi vya homa ya ini aina ya B vilipatikana kwa wagonjwa mara nyingi zaidi kuliko kwa majirani wazima. Ushauri ambao maafisa wa kilimo wanautoa mpaka leo, kwamba anika kwenye turubai badala ya udongo mtupu, usifunge gunia kabla punje hazijakauka, weka mahindi juu ya ardhi mahali penye hewa, ulipata nguvu kutoka kwa wale 80. Bila wao ungebaki kuwa dhana ya mtaalamu mmoja dhidi ya mazoea ya familia nzima, tena mazoea yenye sababu nzuri, kwa kuwa mwenye mavuno haba huyaweka karibu na kitanda chake akihofia wezi.

Ukubwa wa msiba ule haufai kusahauliwa. Kufikia Julai 2004 wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na 125 kati yao walikufa. Uchunguzi wa masoko uliofanywa wakati huo ulikusanya sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka kwa wachuuzi 243 katika masoko 65. Zaidi ya nusu, asilimia 55, zilipita kiwango cha sumu kilichoruhusiwa wakati huo, sehemu 20 katika bilioni, na asilimia 7 zilipita sehemu 1,000. Kwa mji wa Makueni kama Salama, unaoishi kwa barabara ya Mombasa na biashara ya wapita njia, takwimu hizo zina maana yake. Sumu haikuwa balaa la mkulima aliyekosea kuhifadhi peke yake. Ilikuwa imeingia sokoni, ikipimwa kwa kilo na gorogoro, ikimfikia hata mtu asiye na shamba. Tena hili tulilijua kwa sababu mahindi ya watu wasiokuwa na mgonjwa nyumbani yalipimwa, yakiwemo ya wachuuzi ambao jibu baya lingeweza kuwaharibia biashara.

Makueni si mgeni wa utafiti. Ilipokuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, kabla ya kutengwa mwaka 1992, wilaya hiyo ilikuwa na mojawapo ya miradi mikubwa ya utafiti wa afya ya mama na mtoto barani Afrika. Kati ya 1973 na 1981, Kituo cha Utafiti wa Tiba cha Nairobi, tawi la Taasisi ya Kifalme ya Tropiki ya Amsterdam, kilifuatilia maelfu ya watu upande wa kaskazini mwa Machakos. Wahudumu walipita nyumba hadi nyumba kila baada ya wiki mbili, wakiuliza nani amezaliwa, nani ana kikohozi cha kifaduro, nani ana surua, nani anaharisha, nani amekufa. Hebu mfikirie mama aliyeyajibu maswali hayo mwaka hadi mwaka, wiki nyingi akiwa na jibu moja tu: watoto hawajambo. Jibu hilo lina thamani sawa na lile la mama mwenye mtoto mgonjwa, maana ugonjwa haupimwi ila kwa kuwahesabu pia waliopona na ambao hawakuugua kabisa. Katika muongo huo huo, damu ya watoto wa Kenya ndiyo iliyosaidia kujibu swali gumu la lini mtoto achanjwe surua. Ukimchanja mapema mno, kinga aliyoipata kwa mama yake huizima chanjo. Ukichelewa, surua humtangulia. Miezi tisa, ambayo kila mama anayekwenda kliniki anaijua, ilitokana kwa sehemu kubwa na takwimu za Kenya zilizochapishwa mwaka 1977. Watoto waliotolewa damu hiyo leo ni watu wa makamo, na sidhani kama wengi wao wanajua kwamba walichangia kanuni inayofuatwa duniani.

Mfano wa karibu zaidi uko Kaiti, jirani ya Kilome yenye mji wa Salama. Watafiti walitaka kujua kama unga wa aina fulani ya udongo, ukiliwa, unaweza kuinasa sumukuvu tumboni kabla haijaingia katika damu. Watu 50 walikubali. Kila mmoja alikula udongo huo kwa siku kadhaa, akapumzika, kisha akala unga mwingine usio na kazi hiyo, au akaanza na huu akamalizia na ule, bila kujua anakula upi. Mkojo wao ulipopimwa, dalili za sumu zilikuwa chini katika siku za udongo. Napenda muundo wa utafiti huo kwa sababu unajibu lalamiko linalosikika kila mara, kwamba wengine wanapewa dawa na wengine wanadanganywa kwa kitu kitupu. Hapa kila mtu alipata vyote viwili na akawa kipimo cha nafsi yake. Hata pale makundi yanapotengwa kwa kura, kura si udanganyifu ikiwa mshiriki ameelezwa mapema kwamba kuna kura. Katika utafiti wa chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, uliowahusisha wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 huko Nairobi, Thika na Kisumu kuanzia mwishoni mwa 2018, kundi la ulinganisho halikuachwa mikono mitupu. Lilipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwanza, na ile ya saratani baadaye. Mwaka 2022 ilikuwa imedhihirika kwamba dozi moja inakinga karibu sawa na mbili, na Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja. Kwa nchi inayonunua chanjo kwa bajeti finyu, wasichana hao wamewapunguzia wenzao gharama na safari ya pili ya kliniki.

Kuna utafiti mwingine ambao hauhitaji damu wala mkojo, na kwa sababu hiyo watu huuona kama porojo: ule wa tabia, mawazo na maamuzi. Mtafiti anakuuliza umelala saa ngapi, unamweleza nani shida zako, ungependa shilingi mia leo au mia mbili mwezi ujao. Haya yanaihusu vipi afya? Makueni imekwisha kutoa jibu. Wakfu wa Afya ya Akili wa Afrika, ulioanzishwa na Profesa David Ndetei wa Chuo Kikuu cha Nairobi, uliichagua kaunti hii kujaribu namna ya kuwahudumia wenye sonona na maradhi mengine ya akili mahali ambapo daktari wa akili hapatikani. Ulitumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ukawafunza wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya wa kujitolea, kisha ukafanya jambo ambalo wengi wangeliogopa: uliwaketisha waganga wa kienyeji na wahubiri waombeao wagonjwa pamoja na wahudumu wa hospitali, wazungumze. Hilo lisingewezekana bila watu wa vijijini kukubali kuulizwa maswali ya ndani kabisa kuhusu huzuni, usingizi na kukata tamaa, wengi wao wakiwa hawana ugonjwa wowote. Tukikataa kuulizwa, pengo litajazwa na majibu ya wengine. Uchambuzi mmoja wa majarida makubwa ya saikolojia ya miaka ya 2003 hadi 2007 ulionyesha kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi tajiri za Magharibi zenye takriban asilimia 12 ya watu wote duniani. Kipimo cha huzuni kilichotungwa kwa mwanafunzi wa chuo cha Marekani kinaletwa kwa mjane wa Kiima Kiu hapa Makueni, na kikimkosa tunasema haumwi.

Sasa niwasikilize wanaokataa, kwa kuwa si wajinga. Pingamizi la kwanza ni hofu ya damu, na lina mizizi mirefu. Tangu enzi za ukoloni hadithi za mumiani zimezunguka Afrika Mashariki, kwamba kuna watu wanaonyonya damu ya Waafrika na kuiuza. Nairobi na kwingineko, wazimamoto wa serikali walishukiwa kazi hiyo. Sizichukulii hadithi hizo kuwa upuuzi. Zilizaliwa chini ya utawala uliochukua ardhi, ng'ombe na vijana bila kueleza, na mtu aliyezoea kuchukuliwa bila kuelezwa ana haki ya kushuku kila anayekuja na chupa. Hata pesa zisizo na masharti zimewahi kukataliwa: shirika la GiveDirectly lilipofika Homa Bay mwaka 2015, kaya nyingi zilizikataa, uvumi ukisema zinatoka kwa shetani. Huwezi kuiondoa hofu ya aina hii kwa kumkaripia mtu. Huko Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya na wenzake wa Wellcome wamefanya kazi tangu 1989, watafiti walilijua hilo, wakaunda mtandao wa wawakilishi wanaochaguliwa na wanakijiji wenyewe ili wabebe maswali kwenda na majibu kurudi. Kazi hiyo ni ya polepole, ila haina njia ya mkato.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: tusifanywe panya wa maabara. Historia iko upande wa mlalamikaji. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa hata baada ya penisilini kupatikana. Huko Kano, Nigeria, mwaka 1996, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa kwa watoto 200 katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, 11 wakafa, na kesi juu ya ridhaa ya wazazi ikaendelea kwa miaka. Wala si lazima twende mbali. Mwaka 2020 Wakenya wengi walighadhabika kusikia juu ya utafiti uliofanywa Kayole-Soweto, Nairobi, ambapo wenye nyumba waliokuwa na madeni ya maji walitengwa kwa kura, wengine wakapewa notisi na kukatiwa maji ili ionekane kama watalipa. Wapangaji waliofungua mifereji wakaikuta mikavu walikuwa sehemu ya jaribio ambalo hawakuulizwa kama wanalikubali. Nadhani kosa la msingi lilikuwa hapo: walioumia hawakuwa wale waliochukuliwa kuwa washiriki. Lakini tazama mifano yote mitatu inatufunza nini. Kila mara mwiba ulikuwa kwenye ridhaa, kwamba watu hawakujua, au walijua nusu, au hawakuulizwa kabisa. Huo ni ushahidi dhidi ya utafiti wa siri. Mtu anayejitolea kwa kujua, akiwa na haki ya kusema basi siku yoyote bila kupoteza huduma yake ya hospitali, yuko mahali tofauti kabisa na wale wa Tuskegee.

Na haki hiyo si ya maneno matupu. Chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, mtafiti hana ruhusa ya kuanza bila leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na utafiti unaogusa binadamu hupitia kwanza kamati ya maadili. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mshiriki haki ya kujua habari zake zitatumiwa kwa lipi. Karatasi ya ridhaa inapaswa kuwa katika lugha unayoielewa, Kiswahili au Kikamba. Inapaswa kukuambia hatari, muda, na nambari ya simu ya kamati ya maadili, si ya mtafiti pekee. Nawe unapaswa kubaki na nakala yako. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi aliyemchagua. Anayekupigia simu akidai ni mtafiti, kisha akaomba ada ya usajili au nambari ya siri ya M-Pesa, huyo ni mwizi, na mazungumzo yaishe hapo.

Pingamizi la tatu ni pesa, na linakuja kutoka pande mbili. Wapo wanaosema mtafiti anayelipa anawanunua maskini. Wapo wanaosema asiyelipa anawanyonya. Nafikiri wote wamegusa kitu. Mama wa Salama anayefunga kibanda chake cha matunda nusu siku amepoteza mauzo ya nusu siku, na nauli ya kwenda hospitalini inatoka mfukoni mwake. Kumrudishia hayo ni uadilifu mtupu. Hatari inaanza pale kiasi kinapokuwa kikubwa hadi mtu anaficha ugonjwa wake ili asiondolewe, au anajiunga na tafiti mbili kwa pamoja. Hapo anajidhuru, na jibu linaharibika kwa wote. Mstari kati ya fidia na kishawishi hauchorwi Geneva. Huchorwa na watu wanaojua kibarua cha siku kinalipa kiasi gani hapa, na ndiyo sababu kamati za maadili zinapaswa kuwa na wananchi wa kawaida wanaosikilizwa.

Limebaki lalamiko ambalo silipingi hata kidogo. Wanakuja, wanachukua, wanakwenda, hatuwasikii tena. Mwaka 1981, miaka 23 kabla ya msiba wa 2004, sumukuvu ilikuwa imekwisha kuua watu 12 kati ya wagonjwa 20 katika wilaya ile ile ya Machakos, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyoharibika nyumbani. Maelezo yalichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Lancet, London. Sayansi ilikuwa sahihi na wagonjwa walikuwa wameshiriki, hata hivyo mwaka 2004 mahindi mabichi yalikuwa bado yanalazwa chini ya vitanda Makueni. Siwezi kusema kwamba karatasi moja iliyobandikwa kwenye ofisi ya chifu ingewaokoa wote 125. Ukame na umaskini navyo vilisukuma. Lakini jibu linalomfikia msomaji wa London likamkosa aliyetoa damu ni deni ambalo halijalipwa.

Wakamba wana mwethya. Watu hukusanyika kuchimba matuta kwenye shamba la mmoja, kesho kwa mwingine, na vilima vya Mbooni na Mukaa vimeshikiliwa na kazi ya namna hiyo. Anayechimba leo hapewi ujira, kwa kuwa anajua zamu yake itafika. Zamu isipofika kamwe, huo hauitwi mwethya tena. Utafiti unaomwomba mtu mzima damu kwa ajili ya wagonjwa asiowajua unasimama juu ya imani ya aina hiyo hiyo, na vyuo vikuu vinavyoleta wanafunzi wao hapa, kikiwemo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza, vinapaswa kujua kwamba vinaikopa. Zamu hiyo inaweza kuwa jibu lisilopendeza. Katika Meru na Tharaka-Nithi, watafiti walibadilisha mahindi yenye sumu kwa mahindi salama ili waone kama watoto watarefuka zaidi. Sumu ilipungua katika damu, lakini mwishoni tofauti ya urefu haikuwa dhahiri. Wazazi wa huko wanastahili kuambiwa hivyo bila kupambiwa.

Makueni ina mahali pa kuambiana. Tangu serikali ya kwanza ya kaunti chini ya Gavana Kivutha Kibwana, mikutano ya wananchi ya kupanga bajeti huanzia kijijini na kupanda hadi kata ndogo, wodi na kaunti, na wageni kutoka mbali wamekuja kujifunza. Mikutano hiyo inajadili visima, barabara na zahanati. Ipewe pia nafasi ya watafiti: aliyechukua sampuli mwaka jana asimame aeleze alichokipata, kwa Kikamba, na aulizwe maswali mpaka watu waridhike. Kamati za maadili zina uwezo wa kukirudisha nyuma kila pendekezo lisilotaja mwezi ambao mtafiti atarudi kijijini, na zinaweza kuanza na pendekezo litakalofika mezani wiki ijayo.